Upote wa Upinde na Punda wa Dobi: Habari za Dola ya Wagupta

Miongoni mwa sarafu za dhahabu zilizopigwa Bara Hindi katika karne ya nne baada ya kuzaliwa Masihi, iko moja ambayo kila niionapo picha yake hunishughulisha kuliko habari za vita vyote vya zama zile. Juu yake ameketi mfalme, si juu ya farasi wala si kwa upanga mkononi, bali juu ya kitanda cha kupumzikia, kifua wazi, miguu ameikunja, na mapajani amepakata kinanda cha nyuzi, akikipiga kwa utulivu wa mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Huyo ni Samudragupta wa ukoo wa Gupta, aliyetawala tangu yapata mwaka 335 hata 375. Na sarafu yenyewe watu wa nchi ile waliiita dinara, jina lililowafikia kutoka Rumi, ambalo nasi tulilipokea kwa mlango mwingine, wa Waarabu, tukasema dinari.

Mpiga kinanda huyu, hata hivyo, hakuwa mtu wa kuchezewa. Mshairi wa baraza lake, Harishena, alitunga sifa zake kwa Kisanskriti kizito, zikachongwa juu ya nguzo ya jiwe ambayo hata leo imesimama Allahabad, na humo zimehesabiwa enzi alizozing'oa upande wa kaskazini kama mkulima ang'oavyo magugu, na wafalme 12 wa kusini aliowashika kisha akawaachilia warudi makwao baada ya kukiri utii. Nguzo ile haikuwa yake. Ilikuwa ya Ashoka, mfalme aliyemtangulia kwa karne sita, ambaye aliichora maneno ya kuwausia raia wake upole na huruma, hata kwa wanyama. Basi usia wa huruma na majivuno ya ushindi vimekaa juu ya jiwe moja mpaka leo, kama majirani wawili wa nyumba moja wasiosemezana.

Ukoo wenyewe haukuanza na utukufu. Baba yake Samudragupta, Chandragupta wa Kwanza, alikuwa mtawala wa sehemu tu ya bonde la mto Ganga, na kilichomwinua hakikuwa silaha peke yake bali ndoa, kwani alimwoa Kumaradevi, binti wa Walicchavi, watu wenye jina kubwa kuliko lake, na sura za mume na mke zikapigwa pamoja juu ya dhahabu ili pasiwe na mtu wa kusahau nasaba ile imetoka wapi. Tarikhi ya Wagupta huhesabiwa tangu mwaka 319 au 320. Aliyeifikisha dola baharini ni mjukuu, Chandragupta wa Pili, aliyejipa lakabu ya Vikramaditya, yaani jua la ushujaa. Yeye, mwanzoni mwa karne ya tano, aliwaangusha Wasaka waliokuwa wakitawala Gujarati na Malwa, akazipata kwa mpigo mmoja bandari za magharibi na mji wa Ujjain, ambao wanafalaki wa Kihindi waliupitishia mstari wa kuhesabia saa na masafa, kama mabaharia wa siku hizi wafanyavyo kwa Greenwich. Makao makuu yalikuwa Pataliputra, mahali pa Patna ya leo. Wafalme wale walikuwa wafuasi wa Vishnu, na katika zama zao ibada za Kihindu zilipata mahekalu ya mawe yaliyojengwa yadumu, badala ya miti na udongo wa zamani. Wala hawakuwabana Mabuda, hata mfalme wa Sarandibu, yaani Sri Lanka ya leo, alipomtumia Samudragupta wajumbe kumwomba idhini ya kujenga nyumba ya watawa Bodh Gaya, alikubaliwa.

Katika siku za Vikramaditya alikuja mgeni. Mtawa wa Kichina aitwaye Faxian alitoka Chang'an mwaka 399, akavuka majangwa kwa miguu akitafuta vitabu sahihi vya dini yake, akaishi Hindi miaka kadhaa, kisha akarudi kwao kwa bahari, kupitia Sarandibu na Java. Ajabu ya kitabu chake ni kwamba mfalme mkubwa kuliko wote wa zama zile hakumtaja jina hata mara moja. Alichokiona na kukiandika ni raia wanaosafiri bila kuulizwa vibali, na makosa mengi yanayomalizwa kwa faini. Na katika Pataliputra alikuta nyumba zilizofunguliwa na matajiri wa mji, ambamo maskini, yatima, viwete na wagonjwa waliingia wakapewa chakula na dawa na tabibu wa kuwaangalia, bure, mpaka wakapona na kwenda zao. Mtawa huyo huyo aliona na jambo lingine. Watu waitwao Wachandala, waliohesabiwa kuwa najisi, walikaa nje ya mji, na kila mmoja wao alipoingia sokoni ilimpasa kugonga kipande cha mti ili wenziwe wasikie na kujitenga wasije wakamgusa. Waandishi wengi wa karne yetu, wanapoisifu dola hii na kuiita enzi ya dhahabu, huinakili habari ya hospitali na kuuacha ule mti unaogongwa. Mimi naona vyote viwili vilisikika katika mji mmoja, na pengine katika njia moja.

Hata jukwaani daraja hizo zilisikika. Kalidasa, ambaye mapokeo humweka katika baraza la Vikramaditya pamoja na wale wanaoitwa vito tisa, aliandika tamthilia ambamo mfalme na makuhani husema Kisanskriti, na wanawake na watumishi husema lugha za mitaani, hata Shakuntala mwenyewe, ambaye mchezo wote unamhusu na ambaye huruma yote ya mtungaji iko kwake. Katika Meghaduta, mpenzi aliyehamishwa mbali na mkewe analiomba wingu la mvua limchukulie salamu, na anapolielekeza njia, mji baada ya mji na mto baada ya mto, msomaji huzungushwa nchi nzima bila kuondoka mahali pake. Ni safari ndefu zaidi niijuayo iliyofanywa na mtu aliyekaa kitako. William Jones, kadhi wa Kiingereza huko Kalkuta, aliifasiri Shakuntala mwaka 1789, ikageuzwa Kijerumani miaka miwili baadaye, na Goethe akaisifu kwa maneno ambayo ni mabingwa wachache wa Ulaya waliopata kusifiwa nayo.

Lakini kama ningeambiwa niokoe kitu kimoja tu cha zama zile kabla nyumba haijaungua, nisingechukua dhahabu wala tamthilia. Ningechukua kijitabu cha beti 121 kilichotungwa na kijana wa miaka 23. Jina lake Aryabhata. Umri wake tunaujua kwa sababu aliutaja mwenyewe kwa njia ya hisabu, kwamba ilipotimia miaka 3,600 ya zama za Kali yeye alikuwa amemaliza miaka 23 tangu kuzaliwa, na kwa hesabu yetu huo ni mwaka 499. Elimu yake inanasibishwa na Kusumapura, jina lingine la Pataliputra. Kitabu kimeandikwa kwa mashairi kwa kuwa mwanafunzi wa siku zile alipaswa kuhifadhi moyoni kabla ya kuelewa, na yeyote aliyepita chuoni kwenye ubao na wino anajua maana yake. Humo ndani mtu hufundishwa kwamba duara ambalo kipenyo chake ni 20,000 huwa na mzunguko wa 62,832, ambayo ukiigawanya utapata 3.1416, na mwandishi akaongeza neno moja dogo, kwamba hesabu hii inakaribia. Hakusema ni sawasawa. Neno lile la kujizuia ndilo linalonifanya niiamini akili yake kuliko tarakimu zenyewe.

Kisha akasema jambo lililowaudhi hata waliomheshimu. Alisema nyota zimetulia na dunia ndiyo inayozunguka. Na mfano alioutoa ni wa chombo cha majini: kama vile mtu aliyeketi katika chombo kinachokwenda mbele aonavyo vitu vya ufukoni vikirudi nyuma, ndivyo nyota zilizotulia zionekanavyo kwenda magharibi. Msomaji wa pwani hahitaji mfano bora kuliko huo, kwani nani aliyewahi kutoka bandarini na jahazi akakosa kuiona minazi ikiondoka naye akiwa ameketi palepale? Lakini Varahamihira wa Ujjain, mwanafalaki wa kizazi kilichofuata, alikataa kata kata, akauliza: kama dunia inazunguka kwa kasi hiyo, ndege aliyeruka angani angekirudiaje kiota chake? Swali lile halikuwa la kijinga. Lilingoja zaidi ya miaka 1,000 kupata jibu la kuridhisha. Juu ya kupatwa kwa jua na mwezi pia, palipokuwa na itikadi ya zamani kwamba pepo Rahu huvimeza, Aryabhata alieleza kuwa ni vivuli tu: mwezi hulifunika jua, na kivuli cha dunia huufunika mwezi, akatoa na kanuni ya kukadiria ukubwa wa kivuli hicho. Wala isidhaniwe kwamba elimu hii ilichipuka yenyewe kama uyoga. Huyo huyo Varahamihira, katika kitabu kilichokusanya madhehebu matano ya falaki, aliyaweka ya Warumi na Wayunani pamoja na ya Wahindi, na katika kitabu kingine akasema waziwazi kwamba Wayunani, ingawa ni watu wa nje wasio na utohara, wastahili heshima ya walii kwa ujuzi wao wa nyota.

Hapa sina budi kusimulia safari ya neno moja. Ili kupima pembe za mbinguni, wanafalaki wa Kihindi waliutazama mkato wa duara kama upinde, na mstari unaounganisha ncha zake mbili kama upote wake, nao upote kwa Kisanskriti ni jya, au jiva. Aryabhata alitengeneza jedwali la nusu za nyuzi hizo, 24 kwa idadi, kwa kila daraja 3 na dakika 45. Waarabu walipolipokea jedwali walilichukua na jina, wakaandika jiba, neno lisilo na maana yoyote katika lugha yao. Na kwa kuwa hati yao huandikwa bila irabu, waliofuata walilisoma jaib, yaani uwazi wa kifuani mwa nguo. Wafasiri wa Kilatini wa karne ya kumi na mbili, wakiamini wamelielewa, wakaandika sinus, ambalo maana yake ni kifua au ghuba. Basi zile herufi tatu, sin, azibonyezazo mwanafunzi wa sekondari juu ya kikokotoo chake, ni upote wa upinde wa Kihindi uliopotezwa njia na karani wa Kiarabu, na kuvishwa nguo na mfasiri wa Kilatini.

Sifuri nayo ilipita njia hiyo, ila haikupotea. Wahindi waliandika hesabu kwa tarakimu tisa ambazo thamani yake hutokana na mahali zilipokaa, na pale pasipo na kitu wakaweka alama waliyoiita shunya, kitupu. Mwaka 662 askofu wa Kisiria, Severus Sebokht, aliyeishi kando ya mto Furati na kuchoshwa na majivuno ya Wayunani, aliandika kuwasifu Wahindi kwa alama zao tisa. Miaka thelathini na kitu kabla yake, mwaka 628, wakati dola ya Wagupta ilikwisha zamani lakini madarasa yake yakiwa hai, Brahmagupta wa Bhinmal alikuwa ameshaitungia sifuri sheria, na sheria zile amezitoa kama mtu azungumzaye na wafanyabiashara: namba iliyo juu ya sifuri aliiita mali, iliyo chini yake akaiita deni, akafundisha kwamba deni likiondolewa katika sifuri huwa mali, na kwamba deni kwa deni, zikizidishwa, huzaa mali. Kosa alifanya moja, aliposema sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri, tumsamehe. Wakati wa khalifa al-Mansur vitabu vya falaki ya Kihindi vilifika Baghdad na kufasiriwa, na baadaye Muhammad bin Musa al-Khwarizmi akaandika kitabu cha hisabu ya Kihindi, ambacho kwacho Ulaya ilijifunza kuacha tarakimu za Kirumi. Shunya Waarabu hawakuinakili sauti bali maana. Wakasema sifr, kitupu, nasi tukasema sifuri. Anayetaka kuiona katika ujana wake na aende Gwalior, kwenye ukuta wa hekalu, ambako katika maandishi ya mwaka 876 imetajwa bustani ya maua yenye urefu wa dhiraa 270 na upana wa 187, iliyotolewa wakfu ili kila siku yapatikane mashada 50 ya kumpelekea mungu wao. Na katika ile 270, na katika ile 50, sifuri imechongwa kiduara kidogo, kama tundu la kitufe.

Kazi za mikono sizipunji, ila zimeelezwa sana na wengine. Mapango ya Ajanta, ambayo picha zake nzuri zilichorwa katika karne ya tano, yalikuwa ya wafalme wa Vakataka waliooana na ukoo wa Gupta, si ya Wagupta wenyewe, ijapokuwa vitabu huwachanganya. Nguzo ya chuma iliyoko Delhi, katika ua wa msikiti wa Quwwat ul-Islam, ina urefu wa mita 7 na kitu na uzito wa zaidi ya tani 6, na maandishi yake humtaja mfalme Chandra, ambaye wanazuoni wengi humtambua kuwa ni Vikramaditya. Wahunzi hawakuwa na tanuri la kuyeyusha chuma kingi namna ile kwa mara moja. Walichofanya ni kufua mabonge, moja baada ya jingine, na kuyaunganisha yakiwa mekundu kwa moto, mpaka ikawa nguzo. Mvua ya karne 16 haikuila. Siri yake ni fosforasi iliyobaki kwa wingi ndani ya chuma kwa sababu wahunzi wale hawakutia chokaa katika uyeyushaji wao, na fosforasi hiyo imejenga juu yake utando mwembamba unaozuia kutu. Watu walizoea kuipa mgongo na kuikumbatia kinyumenyume, wakiamini atakayekutanisha mikono yake atapata bahati, hata ikalazimu kuizungushia ua. Kwani utando uliovumilia masika yote hayo ulianza kuchubuliwa na migongo ya watalii.

Kuanguka kwa dola kunasimuliwa vizuri zaidi na wafumaji wa hariri kuliko na wafalme. Chama cha wafumaji hao kilihama kutoka pwani ya Gujarati kikaenda kukaa Mandasor, mji wa Malwa, na mwaka 437 kwa fedha za kazi yao wakajenga hekalu la Jua. Sehemu yake iliharibika, wakaitengeneza mwaka 473, wakamwajiri mshairi wa kuichongea habari zao jiweni. Naye, baada ya kuwasifu wafalme na majira ya mwaka, hakusahau biashara ya waliomlipa, akaeleza kwamba mwanamke, hata apambwe kwa maua na tambuu, haoni kuwa tayari kumwendea mpenziwe mpaka avae hariri. Lakini maandishi hayo hayo yanatueleza pia kwamba wengine katika chama walikwisha kuacha mtande, huyu amekuwa mpiga upinde, yule mnajimu, na yule mtu wa dini. Soko la hariri lilikuwa likipungua. Kaskazini wavamizi, Wahuna, walikuwa wamebisha hodi. Mfalme Skandagupta aliwarudisha nyuma, lakini dinari zake za mwisho, ingawa zimeongezwa uzito, zimepunguzwa dhahabu, na hakuna mshairi wa baraza anayeweza kulificha hilo mbele ya mizani ya sonara. Huko Eran, mwaka 510, jiwe linamtaja shujaa Goparaja aliyeuawa vitani na mkewe aliyeingia motoni pamoja na maiti yake, nalo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya desturi hiyo. Ilipofika mwaka 550 au karibu yake, jina la Gupta lilikuwa limebaki kwa vitawala vidogo vya hapa na pale.

Yaliyosalia yalichukuliwa na watu wasiokuwa na majeshi. Sukari ni moja. Wahindi ndio waliojua kuyachemsha na kuyagandisha maji ya miwa hata yakawa punje, wakaziita sharkara, changarawe, kwa jinsi zilivyoonekana. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, sisi sukari, na ile nyeusi isiyosafishwa twaiita mpaka leo sukari guru, kwa jina lake la Kihindi. Na si kwamba bidhaa hiyo ilingoja mpaka karne za karibuni kuja upande wetu. Baharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliyeandika habari za bahari hii kabla hata Wagupta hawajatawala, alizitaja merikebu zilizotoka bandari ya Bharuch kwenda pwani ya Wasomali zikiwa na ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, na asali ya mwanzi iitwayo sakkhari.

Nyingine ni hadithi. Katika Panchatantra, kitabu cha hekaya za wanyama kilichotungwa ili kuwafundisha wana wa mfalme hila za dunia, yumo kima aliyekaa juu ya mzambarau, akifanya urafiki na mamba kwa kumtupia matunda, mpaka mke wa mamba akaingiwa na tamaa ya kuula moyo wa kima. Naye kima, alipokwisha kupakiwa mgongoni na kuambiwa siri katikati ya maji, akajibu kwamba moyo ameuacha mtini, basi na warudi wakauchukue. Tabibu wa Kiajemi, Burzoy, alikipeleka kitabu hiki kwa Khosrow Anushirwan katika karne ya sita, na karibu ya mwaka 750 Ibn al-Muqaffa akakifanya Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozisikia kwa wenyeji wa Unguja, na mojawapo ni hadithi ya kima na papa na punda wa dobi. Mzambarau umekuwa mkuyu, na mamba, kwa kuwa bahari yetu ina wakali wengine, amekuwa papa. Lakini kima yule yule anasema moyo ameuacha mtini, na anapoitwa tena ashuke anamsimulia mwenziwe habari ya punda aliyedanganywa mara mbili akaenda kwa simba, akaliwa, na moyo wake na masikio yake hayakuonekana. Na punda huyo, katika Kisanskriti cha kale na katika Kiswahili cha Unguja, ni mali ya dobi.